Nasikia njaa: miaka yangu na Anton Wilhelm Amo

Mama alikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti, mwaka 2018. Ilikuwa kisukari. Wiki ya pili baada ya kumrudisha nyumbani Old Moshi aliniita usiku. "Mwanangu, kidole kinaniwasha. Hiki kikubwa. Nikune." Nikafunua blanketi. Mguu uliishia kwenye bendeji, na pale aliponionyesha palikuwa na shuka tu. Nikaikuna shuka. Akafumba macho, akasema, "Hapo hapo." Baada ya muda akasema, "Panatulia," akalala.

Mimi sikulala. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu, na tasnifu yangu ilihusu swali hilohilo: ndani ya mtu, ni kitu gani kinachohisi? Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1641, alitaja watu waliokatwa mkono au mguu ambao bado walisikia maumivu katika kiungo ambacho hakipo tena. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, nimeipigia mstari kwa penseli na kuendelea mbele. Usiku ule ilikuwa imelala mbele yangu, inapumua.

Kazi yangu ni falsafa ya Ulaya ya karne ya 17 na ya 18. Kwetu Moshi mtu akisema amesoma, watu wanategemea udaktari, uhasibu, ushirika, kilimo, siku hizi utalii. Nikisema falsafa, mara nyingi wanadhani nilikuwa naandaliwa utawa. Na nikisema namtafiti mtu mmoja aliyeandika kwa Kilatini mwaka 1734, kimya kinachofuata nimekizoea. Kwa hiyo niandike hapa, kwa nafasi, ninachoshindwa kukieleza kwenye haisi kati ya Kiboriloni na stendi.

Mtu huyo ni Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa karibu na Axim, pwani ya Ghana ya leo, kama mwaka 1703. Akiwa mtoto mdogo alipelekwa Amsterdam kwa njia ya Kampuni ya Kiholanzi ya West Indies, na mwaka 1707 hivi akafika kwa Anton Ulrich, mtawala wa Braunschweig-Wolfenbüttel huko Ujerumani, kama zawadi. Mtoto, zawadi. Akabatizwa, akapewa majina ya watawala wake, akasomeshwa. Maktaba kubwa ya Wolfenbüttel wakati huo ilisimamiwa na Leibniz, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa zama zile, aliyeishika kazi hiyo kuanzia mwaka 1691 mpaka alipofariki mwaka 1716. Hakuna hati inayosema walikutana. Hata hivyo, kila nikifika kwenye miaka hiyo namwona mtoto akipita kwenye ukumbi wa vitabu na mzee mwenye wigi akiinua kichwa.

Mwaka 1727 Amo aliandikishwa Chuo Kikuu cha Halle. Mwaka 1729 alitetea hoja ya kisheria kuhusu haki za Waafrika katika Ulaya. Andiko lenyewe halijapatikana hadi leo. Tunalo dokezo tu la gazeti la Halle, kwamba aliuliza ni kwa kiasi gani uhuru au utumwa wa Waafrika walionunuliwa na Wakristo unakubalika kwa sheria za wakati ule. Akahamia Wittenberg, akapata shahada ya umahiri mwaka 1730, na mwaka 1734 akatetea tasnifu ninayoizungumzia. Mwaka huohuo akasimamia tasnifu ya mwanafunzi Mjerumani. Akarudi Halle kufundisha, akachapisha mwaka 1738 kitabu kikubwa cha namna ya kufalsafu kwa makini, akaenda Jena mwaka 1739. Kama mwaka 1747 akapanda meli kurudi kwao.

Mara ya kwanza nilikutana naye katika mistari miwili ya maelezo ya darasani, nikisoma shahada ya kwanza: Mwafrika aliyesoma na kufundisha katika vyuo vikuu vya Ujerumani karne ya 18, fahari ya bara letu. Mistari iliyofuata ilikuwa ya mwanafalsafa Mjerumani Kant. Nikanyoosha mkono: "Samahani Mwalimu, Amo alifundisha nini?" Mwalimu wangu alinyamaza kidogo, akajibu, "Sijamsoma. Na sidhani kama mtu niliyeyatoa kwake maelezo haya amemsoma." Ninamheshimu mpaka leo kwa jibu hilo. Angeweza kunijaza maneno.

Ndivyo nilivyoanza. Tatizo la kwanza lilikuwa Kilatini. Mimi ni Mlutheri wa Kidia, na kwetu Kilatini hakikuwa cha kanisani. Rafiki aliniambia kuna padre mstaafu Kibosho, amevuka miaka themanini, aliyefundisha lugha hiyo seminari kwa muda mrefu. Nikapanda. Nikajifunza kupiga hodi kwa "Tumsifu Yesu Kristo" na kusubiri "Milele, amina" kabla ya kuvua viatu. Padre alinisikiliza, akauliza swali moja tu: "Unataka kusali au kubishana?" Nikasema kubishana. Akaniambia nije kila Jumamosi saa nne, nije na daftari la mistari, simu niizime.

Maandishi ya Amo yamepigwa skani na yanapatikana mtandaoni. Nilikwenda kuyachapisha steshenari moja karibu na soko la Mbuyuni, nikayapeleka Kibosho ndani ya bahasha ya kaki. Ukurasa wa kwanza nikasoma kwa sauti, na nikasoma "fenfio". Padre akasogeza miwani. "Wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akacheka taratibu. "Hiyo si efu, mwanangu. Angalia hako kamstari ka katikati, hakavuki upande wa pili. Ni esi ndefu, wachapaji wa zamani ndivyo walivyoandika." Sensio. Kuhisi. Nilikuwa nimelipita neno kuu la kitabu kizima. Tangu siku hiyo nina lenzi ndogo ya kukuzia herufi, na kila esi ndefu naiangalia kamstari kake.

Sasa niseme hoja yenyewe, maana ndiyo inayoachwa kila mara. Kichwa cha tasnifu kinatangaza mambo mawili: kwamba kuhisi na uwezo wa kuhisi havimo katika akili ya binadamu, na kwamba vimo katika mwili wetu ulio hai na wenye viungo. Amo anajenga hivi. Kuhisi ni kutendwa. Mwiba unachoma, wewe unachomwa. Lakini roho, kwa jinsi anavyoifafanua, ni kitu kinachotenda tu: kinajua chenyewe na kinakusudia chenyewe, na hakina sehemu. Kitu kisicho na sehemu utakigusa upande gani? Hakipenyeki, kwa kuwa hakina ndani wala nje. Hakiguswi, kwa kuwa kuguswa ni kwa vitu vyenye uso. Akili ya binadamu ni roho ya namna hiyo. Basi haihisi.

Anayebanwa na Amo hapo ni Descartes. Descartes ndiye aliyefundisha kwamba akili na mwili ni vitu viwili vya asili tofauti kabisa. Mwezi Mei 1643 binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia barua akiuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri mpaka leo: kama roho si kitu cha kuguswa, inausukumaje mwili? Katika kumjibu, Descartes alikiri kwamba roho, kwa kuwa imeungana na mwili, inaweza kutenda na kutendwa pamoja nao. Amo anaitaja barua hiyo na kumwambia, kwa heshima lakini bila kupepesa, kwamba hawezi kuwa na yote mawili. Ukishasema roho ni ya kutenda tu, usiirudishie maumivu kwa mlango wa nyuma.

Nilipoanza kuitafsiri hoja hii kwa Kiswahili ndipo nilipoanza kuielewa. Kiswahili tayari kina msimamo wake. Tunasema "kichwa kinaniuma": kichwa ndicho kinachotenda, mimi ndiye ninayetendwa. Tunasema "naumwa", na kitenzi chenyewe kiko katika kauli ya kutendwa. Amo angefurahi sana; sarufi yetu inamkubalia nusu ya hoja kabla hajafungua mdomo. Lakini tunasema pia "nasikia njaa", "nasikia baridi", "nasikia harufu", na hapo mtu ndiye anayetenda. Anaisikia njaa kama anavyosikia mlango ukigongwa. Nilipowapa wanafunzi wangu sentensi hizo mbili ubaoni, darasa liliwaka. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye muhula mzima hakuwa amesema neno, akauliza: "Mwalimu, tumbo ndilo lenye njaa, sawa. Sasa anayeisikia ni nani?" Tulitoka darasani nusu saa baada ya muda, na swali halikuwa limeisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo Amo anapokuwa mwembamba. Anatuonyesha vizuri kwa nini akili haiwezi kuumwa. Namna akili inavyopata habari za maumivu yaliyoko mwilini anaieleza kwa haraka mno, na mwanafunzi wangu aliliona tundu hilo bila kujua neno moja la Kilatini.

Halafu kuna tatizo la maneno. Amo anatumia neno moja kwa roho kwa ujumla, akimhesabu na Mungu humo, na neno jingine kwa akili ya binadamu. La kwanza nikiliita "roho" napata mkono wa Biblia, "Mungu ni Roho", lakini napambana na mtaa mzima wa Moshi unaosema "roho inaniuma". "Nafsi" ingenivuta kwa wanatheolojia. "Akili" ni nzuri kwa kujua na kukusudia, ila kwetu akili inachoka, na mtu akichoka akili tunampa pole. Nimebadilisha mara tatu. Kwa sasa ni roho na akili, na nimeandika utangulizi mrefu kuomba radhi kwa wasomaji ambao roho zao zinauma.

Nilimsomea Mama ukurasa wa kwanza wa tafsiri jioni moja, ameegemea mto, anachambua maharage kwenye ungo. Aliposikia kwamba roho haiumi aliweka ungo chini. "Huyo hajafiwa."

Nikamweleza. Nikamwambia alichukuliwa kwa wazazi wake akiwa mdogo. Daktari wa meli, David Henri Gallandat, alimtembelea Axim kama mwaka 1753 na kumkuta Amo akiwa na umri wa miaka hamsini hivi, anaishi peke yake, watu wanamwona kama mtabiri. Baba yake na dada yake walikuwa bado hai, mwendo wa siku nne kuingia bara. Kaka yake alikuwa mtumwa Suriname, ng'ambo ya bahari. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Basi anajua. Sasa kwa nini anasema hivyo?"

Nimehudhuria makongamano ambayo swali hilo halikuulizwa. Mama hakusema, "Maskini, ndiyo maana amesema hivyo." Alimpa heshima ya kumdai sababu.

Miaka michache baadaye nilipeleka makala kwa jarida moja la nje. Kurasa ishirini na nane, karibu zote juu ya hoja: kutendwa ni nini, na kama Amo ana haki ya kusema roho haina sehemu. Mmoja wa wasomaji waliopewa kuipima aliandika kwamba sehemu ya hoja ipunguzwe kwa nusu, na badala yake nieleze jinsi fundisho la kutohisi linavyotokana na majeraha ya utumwa wa mwandishi. Nilikaa na barua pepe ile siku nzima. Mama yake Descartes alifariki mtoto akiwa na mwaka mmoja na mwezi hivi. Sijaona mtu akiambiwa apunguze hoja za Descartes ili aeleze kwamba aliitenga roho na mwili kwa ajili ya msiba huo. Descartes anasomwa kwanza, halafu anahurumiwa, akipatikana wa kumhurumia. Nilijibu kwa adabu, nikakataa kupunguza, makala ikarudishwa. Ilitoka sehemu nyingine baada ya miaka miwili, hoja zote zikiwemo. Kwa mtu anayesubiri kutoka mhadhiri msaidizi kuwa mhadhiri, na baadaye mhadhiri mwandamizi, miaka miwili ni mingi. Ningekataa tena.

Ukiangalia vizuri, hili lilianza zamani. Mwaka 1753, yaani karibu na wakati uleule Gallandat anafika Axim, mwanafalsafa Mskoti David Hume alitoa toleo la insha yake lenye tanbihi inayodai kwamba watu weusi hawajawahi kuwa na taifa lililostaarabika wala mtu mashuhuri wa fikra. Waliowajibu watu wa aina hiyo walimhitaji Amo kama ushahidi. Mwanasayansi Mjerumani Blumenbach alimtaja mwaka 1787, padre Grégoire wa Ufaransa akamtaja mwaka 1808. Nawashukuru, walikuwa upande wa haki. Lakini shahidi mahakamani anaitwa, anaonyeshwa, anaruhusiwa kwenda. Hakuna anayemuuliza ana maoni gani kuhusu roho. Na sisi tulipopata uhuru tukampokea katika nafasi ileile ya kizimbani, tukampigia makofi. Wapo waliomsoma kweli. Kwame Nkrumah alijua hoja yake na aliiandikia, na mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin aliichambua kwa ukali unaostahili. Ni wachache.

Nilifika Halle kwa miezi mitatu, kwa ufadhili. Chuo kina sanamu ya shaba ya mwaka 1965, na kibao chenye jina la Amo. Nilikuwa nimebeba maua. Sanamu yenyewe ni mwanamume na mwanamke, Afrika huru. Si yeye. Hakuna picha ya Amo inayojulikana, kwa hiyo wachongaji wasingeweza kumchonga hata wangetaka. Nikaweka maua, nikaenda maktaba, na huko niliomba kijitabu cha mwaka 1734 chenyewe. Karatasi nene, kingo zimekuwa rangi ya chai. Nikatafuta jina lake. Alikuwa na desturi ya kuongeza baada yake kwamba ni Mwafrika wa Guinea, na hakuna aliyemlazimisha. Nikatoa lenzi yangu nikaangalia esi ndefu. Hiyo ndiyo sura yake niliyoiona.

Kutoka Halle mpaka Leipzig ni safari fupi ya treni. Leipzig ndiko alikozaliwa Leibniz mwaka 1646, na ndiko walikotoka wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Bibi yangu alibatizwa na kanisa lao. Nilitembea mji ule nikiwa na mawazo mengi, pamoja na Mangi Meli, chifu wetu aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na kichwa chake ambacho ukoo wake umekitafuta Ujerumani. Sikuwa na la kuandika siku ile. Nilinunua mkate nikarudi.

Kuhusu kazi, niseme kwa ufupi. Walimu wa daraja la Amo hawakuwa na mshahara wa chuo. Walilipwa na wanafunzi waliokuja kuwasikiliza. Waliombeba walikufa mmoja mmoja: Anton Ulrich mwaka 1714, mwanawe August Wilhelm mwaka 1731, Ludwig Rudolf mwaka 1735, na mlezi wake wa Halle, Johann Peter von Ludewig, mwaka 1743. Mwaka 1747 mtu mmoja alichapisha mashairi ya kumdhihaki Amo kwa kumpenda mwanamke Mjerumani. Mimi nimefundisha kwa malipo ya saa katika vyuo viwili kabla ya kuajiriwa, na chuo kimoja kilikaa na malipo yangu muhula mzima. Nilikuwa na kihamba, shamba la ukoo, cha kurudi, na ndizi za Mama. Yeye alikuwa na meli.

Tafsiri inaendelea. Sehemu ya kwanza, ya fasili, imekwisha. Katika sehemu ya pili kuna madai matatu, na Jumamosi iliyopita tulimaliza la pili, la kwamba uwezo wa kuhisi haumo katika akili. Padre sasa anasomewa, macho hayasomi tena, lakini akisikia nimekosea anagonga mkongojo sakafuni. Tulibishana kuhusu mpangilio wa maneno: mimi niliandika "mwili wetu wenye viungo na ulio hai", yeye anataka "hai" itangulie, kwa kuwa maiti nayo ina viungo. Nadhani ana haki.

Nilishuka jioni kupitia mjini, nikafika nyumbani giza limeingia. Mama bado anawashwa kidole, mara moja au mbili kwa mwezi, hasa mvua ikikaribia. Mishipa iliyobaki na ubongo ni mwili pia, kwa hiyo Amo hajashindwa na kidole hicho. Nilimweleza Mama hivyo na akakubali. Alikuwa ameniwekea mtori. Akaniuliza tumefika wapi.

"Mwilini, Mama."

"Haya," akasema. "Kula kwanza, halafu unisomee."